Monita ya Bei Nafuu kwa Ofisi na Gemu: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kukagua na Kuiseti

Swali linaloulizwa sana dukani ni "ya inchi ngapi?" Muuzaji hujibu kwa inchi, anaongeza Hz (mara ambazo picha hubadilika kwa sekunde), anataja bei, biashara inaisha. Matatizo huanza nyumbani. Maandishi yana ukungu, gemu inakwenda 60 Hz wakati boksi linasema 144, au kebo haiingii popote. Karibu yote hayo yangezuilika kama mnunuzi angefuata mpangilio mwingine: aanze na kompyuta aliyonayo, aje kwenye herufi atakazosoma kutwa nzima, kisha ndipo aangalie namba kubwa zilizochapwa kwenye boksi. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Unamlenga mtu mwenye monita moja tu mezani, ambayo mchana inafungua Excel na barua pepe, na usiku inafungua Valorant, GTA V au mpira.

Anzia nyuma ya kompyuta

Kabla hujataja bei yoyote, geuza kompyuta uangalie matundu ya picha. VGA ni lile la bluu lenye pini 15 na skrubu mbili pembeni. DVI ni jeupe na pana. HDMI linajulikana kwa kila mwenye televisheni. DisplayPort linafanana na HDMI kwa mbali, ila limekatwa kona moja tu badala ya mbili. Laptopu za karibuni huwa na USB-C pia, lakini si kila USB-C hutoa picha: tafuta alama ya DisplayPort au ya radi (Thunderbolt) pembeni ya tundu, au soma karatasi ya sifa za laptopu yenyewe.

Desktopu za ofisi zilizotumika, zile zinazouzwa kwa wingi Kariakoo (Dar es Salaam) na Luthuli Avenue (Nairobi), ndizo zinazowanasa watu. Dell OptiPlex 7020 na 9020, au HP EliteDesk 800 G1, hazina HDMI. Zina VGA moja na DisplayPort mbili. Upande wa pili, monita nyingi mpya za bei ya chini zina HDMI na VGA tu. LG 24MP400 na HP M24f ni mifano. Ukipeleka habari hiyo kwa muuzaji, atakupa kebo ya VGA na kukuambia mambo yako sawa. Si sawa. VGA husafirisha picha kwa mawimbi ya analogi, na monita hulazimika kukisia kila pikseli inaanzia wapi. Matokeo yake ni herufi zenye kivuli chembamba upande mmoja, ambacho macho hukihisi baada ya saa mbili hata kama hukukiona dukani.

Dawa ni kebo ya DisplayPort kwenda HDMI. Ni ya bei ndogo na haihitaji umeme wake. Kumbuka tu mambo mawili. La kwanza, kebo hiyo ina mwelekeo: DisplayPort iwe upande wa kompyuta, HDMI upande wa monita. Ukitaka kinyume chake, yaani kompyuta yenye HDMI na monita yenye DisplayPort, utahitaji adapta yenye chipu ndani na mara nyingi waya wa USB wa kuilisha umeme, na bei yake inapanda. La pili, nyingi za zile za bei rahisi zimetengenezwa kwa kikomo cha 165 MHz, ambacho kinatosha 1920×1080 kwa 60 Hz na kinaishia hapo. Ukinunua monita ya 75 au 100 Hz ukaiunganisha kwa kebo hiyo, usishangae menyu ikikuonyesha 60 tu.

Ukiwa na kadi ya picha, angalia toleo la tundu lake. HDMI 1.4 hufika 1080p (yaani 1920×1080) kwa 120 Hz, au 4K kwa 30 Hz ambayo haifai kwa lolote. HDMI 2.0 hubeba 1080p kwa 240 Hz na 1440p (2560×1440) kwa 144 Hz. DisplayPort 1.2, ambayo iko hata kwenye zile OptiPlex, hubeba 1440p kwa 144 Hz bila shida. Kadi ya GTX 750 Ti ina HDMI 1.4; GTX 1050 Ti na RX 570 zina HDMI 2.0 na DisplayPort 1.4. Toleo la chini kati ya pande mbili ndilo linaloamua. Kadi yako inaweza kuwa na HDMI 2.0, lakini kama monita ina HDMI 1.4 basi utabaki na 1.4. Ndiyo maana kwenye monita nyingi za 144 Hz za bei nafuu tundu la HDMI hukomea chini ya uwezo wa kioo, na uwezo kamili unapatikana kwa DisplayPort peke yake. Soma hilo kwenye kurasa za mtengenezaji. Lebo ya dukani haiandiki.

Pima fremu zako kwanza

Hz za monita ni idadi ya mara inazoweza kubadilisha picha kwa sekunde. Fremu za gemu ni idadi ya picha ambazo kompyuta inachora kwa sekunde. Kununua Hz ambazo kompyuta haiwezi kuzijaza ni kulipia viti vya basi lisilo na abiria.

Kupima ni rahisi. Kwenye Windows 10 au 11 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na G, fungua kidirisha cha Performance, ukibandike kwenye kona ya skrini. Steam nayo ina kihesabu chake ndani ya Settings, sehemu ya In Game. Cheza gemu unayoipenda kwa nusu saa, kwa mipangilio unayoitumia kila siku, uangalie namba inakaa wapi vurugu zikiwa nyingi. Usijali inafika wapi ukiwa umesimama unatazama ukuta.

Ikikaa kati ya 40 na 60, tafuta monita ya 75 au 100 Hz yenye kioo kizuri, au mtumba mzuri wa ofisi tutakaoujadili mbele, na pesa uliyookoa iweke kwenye kadi ya picha au RAM. Ikikaa 90 na kuendelea, 144 hadi 180 Hz ina maana. Hesabu yenyewe ni hii: kwa 60 Hz kila picha hukaa milisekunde 16.7, kwa 100 Hz hukaa 10, kwa 144 Hz 6.9, kwa 180 Hz 5.6. Kutoka 60 kwenda 100 unapunguza karibu milisekunde 7, na utaziona hata ukisogeza mausi kwenye Excel au ukishusha ukurasa mrefu. Kutoka 144 kwenda 180 unapunguza milisekunde moja na kidogo. Ukiambiwa uongeze pesa kwa ajili ya hatua hiyo ya mwisho, kataa.

Wenye kompyuta isiyo na kadi ya picha, yaani inayotegemea Intel HD au UHD ya ndani ya prosesa, wasisumbuke na 144 Hz kwa sababu ya gemu. Gemu nyepesi zitakwenda, nzito zitajikokota, na monita haiwezi kubadilisha hilo.

Kuna kipengele kimoja kinachomsaidia mwenye kompyuta dhaifu kuliko mwenye kompyuta kali, nacho ni Adaptive Sync, ambayo AMD huiita FreeSync. Monita husubiri fremu ikamilike ndipo ibadilishe picha, hivyo picha haikatiki katikati wala kuruka. Angalia masafa yake. Monita ya masafa ya 48 hadi 144 Hz inaweza kuonyesha kila fremu mara mbili gemu ikishuka hadi 40, na macho yasitambue kitu. Ya masafa ya 48 hadi 75 haiwezi, kwa sababu mara mbili ya 48 ni 96, na 96 haimo ndani ya 75. Gemu ikishuka chini ya 48, kukatika kwa picha kunarudi palepale. Kwa maneno mengine, FreeSync ya monita ya 75 Hz ni nusu ya FreeSync. Kadi za Nvidia zilianza kukubali monita za aina hii Januari 2019, kuanzia mfululizo wa GTX 10, na kwa monita za bei hii ni lazima utumie DisplayPort. Kadi za AMD hukubali kupitia HDMI pia.

Mwenye PlayStation 4 anahitaji 1080p, 60 Hz na HDMI, basi. PS5 inaweza kutoa 120 Hz kwa gemu zinazoruhusu, na tangu sasisho la 2022 inatoa 1440p, ila VRR yake (Hz kufuata fremu, kama Adaptive Sync) inadai HDMI 2.1, ambayo ni nadra kwenye monita za bei nafuu. Xbox Series S na X hukubali FreeSync kwenye HDMI 2.0. Ukitumia konso, jambo linalosahaulika ni sauti: monita nyingi za bei ndogo hazina spika. Hakikisha ina tundu la hedifoni la milimita 3.5, au utumie lile lililo kwenye pedi.

Inchi na pikseli zisomwe pamoja

Inchi peke yake haikuambii chochote kuhusu herufi. Gawanya pikseli kwa inchi.

Monita ya inchi 24 (kwa kipimo kamili 23.8) yenye 1920×1080 ina pikseli 93 kwa inchi. Ya inchi 27 yenye 1920×1080 ileile ina 82 tu. Ya inchi 27 yenye 2560×1440 ina 109. Ya inchi 21.5 yenye 1920×1080 ina 102. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, kama wengi wetu tunavyokaa, 82 huonekana: kingo za herufi zina ngazi, na seli za Excel zinaonekana nene bila sababu. Kwenye gemu hutajali sana, lakini kazini utajali saa nane kwa siku. Kwa hiyo inchi 27 ya 1080p, ambayo dukani inavutia kwa ukubwa, ni chaguo la mtu anayekaa mbali au anayecheza tu. Kwa matumizi mawili, inchi 24 ya 1080p ndiyo yenye thamani kuliko zote kwa bei ya chini, na inchi 27 ya 1440p ndiyo hatua inayofuata kama kadi yako ya picha inaimudu. Pikseli za 1440p ni mara 1.78 ya zile za 1080p, na fremu zako zitashuka kwa kiasi kinachokaribia hapo.

Pima meza pia. Kioo cha inchi 24 kina upana wa sentimita 53. Cha 27 kina karibu 60. Kina cha meza kiwe angalau sentimita 60, la sivyo utakuwa umeegemeza pua kwenye skrini.

Televisheni ya inchi 32 nayo, kwa kuwa watu hawaachi kuuliza. Nyingi za bei ya chini zina 1366×768, yaani pikseli 49 kwa inchi, karibu nusu ya monita ya inchi 24. Hata zile za 1080p huweza kubana rangi za picha ya HDMI kwa namna inayochafua maandishi mekundu na ya bluu, na hukata kingo za skrini mpaka uingie menyu uzime kile kinachoitwa overscan. Ukiwa nayo tayari, washa Game Mode na ubadilishe jina la tundu la HDMI liwe PC, ambalo kwenye televisheni nyingi hurekebisha rangi hizo. Ila usiinunue kwa kazi ya ofisi.

Aina ya kioo: IPS, VA, TN

IPS huonyesha rangi zilezile hata ukiitazama kutoka pembeni, na maandishi yake yametulia. Udhaifu wake ni weusi usio mweusi kamili: utofauti wake wa mwanga na giza ni kama 1000 kwa 1, na gizani utaona pembe zikiwaka kidogo. VA ina weusi halisi, kama 3000 kwa 1, na filamu hupendeza humo. Lakini VA za bei nafuu zina ugonjwa wa kubadilika polepole kwenye rangi za giza. Ukimfukuza adui kwenye pango au barabara ya usiku, kila kitu cheusi huacha mkia mweusi nyuma yake, kama wino uliopanguswa. Hakuna mpangilio unaoondoa hilo kabisa. TN ni ya haraka lakini ukiinama kidogo rangi zinageuka, na juu ya skrini huwa giza kuliko chini.

Chagua IPS. Kama unapenda filamu za usiku kuliko gemu za kufyatuliana, VA si dhambi. Dell SE2422H, kwa mfano, ni VA ya 75 Hz inayofaa ofisini. TN ichukue tu ikiwa bei ni ya kutupwa na unacheza gemu za ushindani pekee.

Mwanga wa monita za bei ya chini ni niti 250 hivi. Zinatosha chumba cha kawaida. Meza ikiwa mbele ya dirisha lisilo na pazia, jua la saa nane mchana litazishinda hata zile za 300. Ni nafuu kugeuza meza ubavu kwa dirisha kuliko kununua mwanga zaidi. Uso wa kioo uwe wa kufifiza, si wa kung'aa kama kioo cha kujitazamia.

Maneno ya boksi ya kupuuza

"1 ms" huja kwa namna mbili. Ikiandikwa GtG, ni muda wa pikseli kutoka kijivu kimoja kwenda kingine, uliopimwa kwa mpangilio mkali ambao ukiuwasha nyumbani huacha vivuli vyeupe nyuma ya kila kinachotembea. Ikiandikwa MPRT, hupatikana kwa kuzimazima taa ya nyuma katikati ya fremu, na skrini inafifia. Kwenye monita nyingi za bei hii huwezi kuwasha MPRT na FreeSync kwa pamoja.

"HDR10" kwenye monita ya niti 250 maana yake ni kwamba inapokea ishara ya HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza. Kuionyesha ni jambo jingine. Hata nembo ya DisplayHDR 400 hailazimishi taa ya nyuma kufifia kwa sehemu. Ukiwasha HDR ya Windows kwenye monita ya namna hii, rangi hupauka kuliko ulivyoikuta. Iache imezimwa.

"Contrast 20,000,000:1" ni namba ya kupamba. Tafuta ile isiyo na neno dynamic. Kujipinda kwa skrini kwenye inchi 24 ni urembo.

Mpya au mtumba

Kwa kazi ya ofisi, monita ya kampuni iliyotumika mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei ileile. Dell P2417H na P2419H, au HP EliteDisplay E243, zote ni IPS za inchi 23.8 za 1080p zenye DisplayPort, HDMI na VGA. Stendi zake hupanda, hushuka, huzunguka na hulala wima kwa anayesoma mikataba au kuandika programu. Stendi hiyo peke yake ukiitafuta mpya itakugharimu. Ukibahatika kuikuta Dell U2412M, ina 1920×1200; mistari ile 120 ya ziada ni safu sita zaidi za Excel kwa urefu wa kawaida wa safu. Ila haina HDMI, na taa yake hupunguzwa mwanga kwa kuzimwa na kuwashwa haraka, jambo linalowapa baadhi ya watu kichwa kuuma.

Kwa gemu, hizo zote ni 60 Hz. Hapo mpya ya 100 Hz, au ya 144 Hz kama AOC 24G2, inashinda. Hukumu yetu: fremu zako zikiwa chini ya 60, nunua mtumba mzuri wa ofisi. Zikiwa juu, nunua mpya. Mtumba ukitajiwa bei inayozidi theluthi mbili ya mpya yenye waranti, mwachie.

Usichukue mtumba wa inchi 19 au 22 za zamani zenye taa za mirija, yaani CCFL. Utazijua kwa unene, kwa mwanga unaochelewa kukolea ukiwasha, na kwa weupe ulioelekea umanjano.

Ukaguzi dukani

Nenda na laptopu yako, kebo yako, na picha tano za rangi moja zinazojaza skrini: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Ongeza ya kijivu cha katikati. Usikubali kukaguliwa kwa video ya maua inayozunguka yenyewe. Kazi yake ni kuficha kasoro.

1. Iwashe, uiache dakika kumi kabla ya kuhukumu. Ukisikia mvumo mwembamba kutoka nyuma unaobadilika ukipunguza mwanga, sehemu yake ya umeme imechoka.

2. Weka nyeupe. Tafuta madoa yanayong'aa zaidi ya mengine, ukubwa wa kichwa cha kiberiti au ukucha. Ni alama za kubanwa safarini na haziondoki. Linganisha pembe na katikati: umanjano wa kingo ni uzee wa taa.

3. Weka nyeusi na uombe taa ya duka izimwe au ujifunike na koti. Mwanga wa pembeni ukihama unaposogeza kichwa, ni hulka ya IPS. Usipohama, unavuja. Mvujo mdogo wa pembe moja unavumilika. Wa katikati, hapana.

4. Pitisha nyekundu, kijani na bluu ukitafuta nukta. Nukta nyeusi ni pikseli iliyokufa. Nukta yenye rangi imekwama, na wakati mwingine huachia. Watengenezaji wengi huruhusu nukta chache ndani ya waranti, kwa hiyo usitegemee kurudishiwa kwa nukta moja. Iliyo katikati ikatae, ya pembeni iombee punguzo.

5. Weka kijivu. Mtumba wa ofisi huonyesha hapa kivuli cha upau wa chini wa Windows uliokaa hapo miaka mingi.

6. Punguza mwanga hadi asilimia 20, fungua kamera ya simu, uitazame skrini. Mistari minene ya giza inayotembea ni dalili ya taa inayopepesa. Macho yako yakiwa mepesi kuuma, achana nayo.

7. Jaribu kila tundu la picha kwa kebo, si kwa maneno. Tikisa kebo taratibu. Picha ikipotea, tundu limelegea.

8. Bonyeza vitufe vyote. Pandisha na ushushe stendi: ikishuka yenyewe, springi imekwisha.

9. Fungua menyu ya taarifa. Baadhi ya HP za ofisini huonyesha saa ambazo taa imefanya kazi. Saa 20,000 ni kama miaka kumi ya siku za kazi za saa nane. Kisha geuza nyuma usome mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwenye lebo.

10. Pima matundu ya skrubu nyuma: milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100. Bila hayo hutaweza kuifunga kwenye mkono wa meza au ukutani baadaye.

Muuzaji akiandika risiti, aandike modeli kamili na namba ya utambulisho wa kifaa (serial number). Herufi moja mwishoni mwa jina la modeli hubadilisha kioo, kwa hiyo jina la lebo ya nyuma lifanane na la boksi.

Umeme

Monita ya LED ya inchi 24 hula wati 15 hadi 25. Kwa wati 20, saa nane kwa siku, siku 26, ni uniti 4.2 kwa mwezi. Hilo si tatizo. Tatizo ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika.

Hapa adapta ya nje ina faida ambayo boksi halitangazi. Monita yenye adapta kando ikipigwa na umeme, mara nyingi inakufa adapta, na unanunua nyingine yenye volti ileile. Soma lebo, usikisie: LG nyingi ni volti 19, Samsung nyingi 14. Ampea za adapta mpya ziwe sawa au zaidi ya za zamani. Volti zisizidi wala kupungua. Monita za ofisi za Dell na HP zina umeme ndani na hutumia waya uleule wa kompyuta. Zikipigwa, fundi hulazimika kuzifungua, na mara nyingi anakuta kapasita zimevimba au fyuzi imekatika. Si kazi ngumu, lakini mwambie abadilishe kapasita zote za upande huo badala ya ile moja iliyovimba.

Weka kinga ya umeme inayochelewesha kuwasha baada ya umeme kurudi, au UPS. UPS ya 650 VA hubeba desktopu ya ofisi na monita kwa dakika za kutosha kuhifadhi kazi. Monita iliyotoka nje ya nchi iwe na lebo ya 100–240V. Karibu zote zinayo, lakini hakikisha kwa macho yako.

Kuiseti

Watu wengi hutumia monita ya 144 Hz kwa 60 miezi kadhaa bila kujua. Windows haibadilishi yenyewe kila wakati. Bonyeza kulia mezani mwa Windows, ingia Display settings, kisha Advanced display, uchague Hz za juu kabisa. Namba isipoonekana, shida ni kebo, adapta au tundu. Rudi mwanzo wa mwongozo huu. Kisha kagua ndani ya gemu yenyewe, kwani nyingine zina mpangilio wao.

Weusi ukionekana kijivu na rangi zimepauka kwenye HDMI, kadi inadhani imeunganishwa na televisheni. Kwa Nvidia, fungua Control Panel, Change resolution, weka RGB na Full. Kwa AMD, chagua RGB 4:4:4 Full kwenye Pixel Format.

Mwanga upangwe kwa karatasi. Shika karatasi nyeupe pembeni ya skrini yenye ukurasa mtupu wa Word, ushushe mwanga mpaka vifanane. Kwa niti 250 mara nyingi utaishia asilimia 30 hadi 45 mchana, chini ya hapo usiku. Rangi ziwe Warm au 6500K; bluu kali ya kiwandani ni ya kuvutia dukani. Zima dynamic contrast. Sharpness iache ilipokuwa, maana ukiipandisha herufi huota kingo nyeupe. Overdrive, yaani mpangilio wa kuharakisha pikseli, iweke katikati, kisha fungua TestUFO, tovuti ya kupima mwendo wa picha, kwenye kivinjari: kivuli cheusi kirefu nyuma ya chombo kinachopita kinataka ipande, kivuli cheupe kinataka ishuke. Mwisho andika ClearType kwenye utafutaji wa Windows, uchague sampuli za maandishi zinazokutuliza.

Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Stendi isiyopanda iinue kwa rimu za karatasi za A4; moja ina unene wa sentimita 5 hivi. Umbali uwe wa mkono ulionyooshwa.

Kompyuta ikigoma kuwaka baada ya kuunganisha DisplayPort, au ikiwaka tu monita ikiwa imechomolewa, shuku kebo. Kebo duni huunganisha pini ya 20, ambayo haitakiwi kupita, na umeme wa monita unaingia kwenye kompyuta. Badilisha kebo tu, usianze kufungua kompyuta.

Siku saba za kwanza itumie sana: saa nyingi, mwanga wa juu na wa chini, Hz zote. Kasoro za kiwandani hujitokeza mapema, na duka linalokataa kubadilisha baada ya mwezi huwa linakubali ndani ya wiki. Boksi na zile povu zake usizitupe hadi waranti iishe, kwa sababu monita ikisafirishwa bila hizo hufika kwa fundi na ufa ambao waranti hailipii.